Bango Namba 17 la Chumba cha Vipimo

(Imenakiliwa kutoka kwenye kaseti iliyorekodiwa katika kantini ya kiwanda, Temeke, Juni 1996. Msomaji ni Suhaib Marijani, katibu wa Chumba cha Vipimo. Maneno ya watu wengine ukumbini yameachwa kama yalivyosikika.)

Mgeni rasmi, Profesa Revelian, Mwenyekiti wa Mkutano wa Wataalamu wa Polima, Meneja wetu, pamoja na Mzee Adelard, mkuu wa chumba, wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa Chumba cha Vipimo tunaanza kwa kujisifu kidogo, maana tusipojisifu wenyewe leo, sijui nani atatusifu kesho. Tangu kifunguliwe mwaka 1974, chumba hiki hakijawahi kukimbia swali. Aje fundi wa mabomba, aje mteja na ndoo iliyopasuka, aje mkaguzi kutoka wizarani, swali lake hujibiwa papo hapo, uso kwa uso.

(Makofi.)

Ahsanteni. Msipige sana, bado mapema.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Kwa heshima yako tumepaka rangi ukuta wa mbele. Rangi ilituishia karibu na mlango, kwa hiyo tunakuomba, wakati wa kutoka, usigeuke nyuma.

Tunamkaribisha pia dereva wako. Na... hapa karatasi inasema dereva tu. Tunamkaribisha na dada aliyekaa kulia kwako, mwenye faili la kijani. Samahani, dada, hatukuambiwa kama ungekuja. Ni Bi Auleria, kama sikosei. Sikosei. Wenzangu, Bi Auleria ndiye aliyekuwa katibu wa mkutano, aliyekuwa akizunguka na orodha yake kwenye ukumbi wa mabango. Lusungu, mpelekee dada soda, tena ya baridi. Kaa naye hapo, mpigishe stori.

LUSUNGU: Soda anayo! Soma, wewe!

Nasoma.

HISTORIA FUPI

Kazi ya chumba chetu ni kuvuta, kukunja, kuchemsha na kugonga nyundo kila kitu kinachotoka mashineni kabla hakijaenda dukani. Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao neno polima linawatia usingizi: ni plastiki, mpira na nyuzi, ukoo mmoja. Mmekaa juu yake, mmeivaa miguuni.

Mwaka 1990 malighafi kutoka nje iliadimika. Mzee Adelard akatuambia tukusanye ndoo mbovu, tuziyeyushe, tuchanganye na nyuzi za katani, tupate bati la kuezekea. Bati la kwanza lilichanika kama chapati ya jana. Nyuzi zilikuwa zinachomoka tu, plastiki haizitaki. Miezi minne tulichanisha mabati.

Ndipo Bi Tunu, fundi wetu wa kuchanganya, mzaliwa wa hapa hapa Temeke, alipotutazama akasema, "Nyie, mbona hamziloweki kwenye magadi? Kwani maharage magumu kwenu mnayafanyaje?" Mgeni rasmi, tulicheka. Mie nilicheka kuliko wote, nikamwita Profesa Maharage wiki nzima. Mzee Adelard hakucheka. Aliloweka. Nyuzi zikatoka zimetakata, zina mikwaruzo, plastiki ikapata pa kushika. Bati lililofuata, mashine ya kuvuta ikalivuta hadi ikapiga kelele yenyewe.

(Kicheko. Makofi.)

MAFANIKIO

Paa ulilokaa chini yake, mgeni rasmi, ni la mabati hayo. Limepitia masika matano. Ukiona tone, ni la birika la chai.

Mafanikio ya pili... ya pili nitayapitia haraka kwa sababu ya muda.

MZEE ADELARD: Muda upo.

Muda upo. Mafanikio ya pili ni kwamba Julai mwaka jana kazi yetu ilikubaliwa kwenye mkutano wako. Kwa wasiojua: mkutanoni si wote wanaopanda jukwaani. Wengine hutundika bango la kazi yao ukutani, halafu mwenye kazi husimama kando yake kwa saa mbili. Wataalamu wanapita, wanauliza, anawajibu, wanapeana kadi zenye anwani. Huko ndiko mtu wa Temeke anakopata rafiki wa kazi ng'ambo ya bahari. Sisi tulipewa namba kumi na saba.

Mzee Adelard alichora michoro yote kwa mkono wake, wiki sita, miwani ikimshuka puani. Bi Tunu alishonea kipande cha bati pembeni ili watu wakiguse. Na mie, kwa kuwa nina kidato cha nne na Kiingereza kilikuwa kinanitoka kama bomba lililopasuka, nikachaguliwa kusimama.

Karatasi inaendelea: "Mwakilishi wetu alisimama kando ya bango kwa saa mbili kamili, akajibu maswali ya wataalamu thelathini na mmoja." Tuseme, mgeni rasmi, alisimama. Kwa muda. Ukumbi ule haukuwa na saa ukutani, mtu huwezi kujua kwa hakika. Na thelathini na mmoja ni makisio.

MZEE ADELARD: Suhaib, soma kama tulivyopitisha.

Nasoma, mzee. "Saa mbili kamili." Nimesoma.

BI TUNU: Na yule aliyeulizia magadi! Umemruka!

Simruki, mama. Huyu hapa, mstari wa chini. "Miongoni mwao alikuwamo mtaalamu wa kigeni aliyeshangazwa sana na wazo la magadi." Ndiyo. Tulisikia hivyo. Yaani niliwaambia hivyo. Watu huwaga wanashangaa wakisikia magadi. Dada Auleria, hilo faili kama ni zito waweza kuliweka chini, sakafu imedekiwa.

MATATIZO

Tatizo la kwanza ni mgao wa umeme. Bati likiwa katikati ya kuvutwa, umeme unakwenda zake, tunabaki tunashikilia ncha mbili kama watu wanaogombea khanga.

La pili ni kuwa mbali na wenzetu wa taaluma. Jarida la mwisho tulilopokea ni la mwaka 1983. Mkutanoni nilimsikia msemaji mmoja akieleza habari za chembe ndogo mno, ukitia chembe hizo kwenye plastiki inakuwa ngumu kama chuma, na hata darubini ya kawaida haizioni. Mgeni rasmi, darubini yetu inamwona sisimizi kwa shida. Nilimwangalia msemaji yule, nikawaangalia waliokuwa wakimuuliza maswali, wanavyomfuata neno kwa neno, na yeye anavyofuta jasho, tena msomi mwenye shahada zake. Bango lake lilikuwa namba kumi na sita. Jirani yangu kabisa. Haya hayamo kwenye karatasi, naona nimetoka nje kidogo.

La tatu ndilo lililotuleta hapa. Kiwanda kimepata mwekezaji. Alipita chumba kwa chumba, kwetu akasimama mlangoni, hakuingia. Alimwambia Mzee Adelard, "Mzee, sina ugomvi na nyinyi. Nionyesheni mahali pamoja tu ambapo wataalamu wa nje wamewataja, chumba kitabaki na watu wake watabaki. Kama hakuna, tarehe thelathini kinakuwa stoo ya viroba." Leo ni tarehe kumi na nane.

Mzee Adelard akamjibu kwa kujiamini kwamba kitabu cha mkutano kiko njiani na kazi yetu imo. Kitabu kilipofika alikisoma kuanzia jalada. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Akaazima miwani ya Bi Tunu, akasoma tena. Bango la kumi na sita limo. La kumi na nane limo. Mzee wa watu alikifunga kitabu, akakifuta vumbi, na vumbi lenyewe halikuwapo. Siku ile, mgeni rasmi, hatukuweza kutazamana. Mimi hasa.

Sasa karatasi inasema... maneno haya ni makali, naomba niyapunguze.

LUSUNGU: Usipunguze! Si uliandika mwenyewe? Sie tulisema tuombe kwa upole, wewe ukasema tuwachane!

Braza Lusungu, huyu ni mgeni.

MZEE ADELARD: Soma, mwanangu. Hatujamtukana mtu. Tunauliza.

"Tunaamini kuachwa kwetu kumetokana ama na uzembe wa kamati, ama na dharau kwa wafanyakazi wa viwandani wasio na shahada." Mwisho wa kunukuu. Nadhani ilikuwa hasira. Uzembe unaweza kutokea popote, mgeni rasmi. Hata mahali ambapo hatukutegemea.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba umwandikie mwekezaji barua kabla ya tarehe thelathini, umweleze kwamba kazi hii uliikubali wewe na kamati yako.

Pili, kama kuna kitabu cha nyongeza, bango namba kumi na saba liingizwe.

Tatu, majarida ya zamani msiyoyahitaji mtuletee. Hata yaliyoliwa na mchwa, tutasoma palipobaki.

La nne halimo kwenye karatasi, ni langu. Naomba leo tusifungue mafaili. Wali umeshaiva, samaki wanapoa, na mgeni ana safari ya kurudi. Mambo ya kamati yanaweza kuzungumzwa kwa barua, pole pole, kati ya katibu na katibu.

Kwa hayo, mgeni rasmi, Mungu akufikishe salama, akujalie wanafunzi wanaosikiliza na wajukuu wasiochokoza vitabu vyako. Azidumishe mashine zetu, ampe afya mzee wetu, na wote tuliomo humu atustiri, atustiri kwelikweli. Ni sisi wenu, wafanyakazi wa Chumba cha Vipimo, Temeke. Ahsanteni, tusimame kwa chakula.

PROFESA REVELIAN: Ngoja kwanza, kijana. Kaeni, jamani. Barua yenu ya mwaliko ilitaja hilo la kitabu, ndiyo maana nimekuja na Bi Auleria. Sitaki mzee huyu aendelee kudhani tumemdharau. Bi Auleria, hebu waeleze.

BI AULERIA: Shikamoo, mzee.

MZEE ADELARD: Marahaba, mwanangu.

BI AULERIA: Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye bango asiposimama, kazi yake haiingii kitabuni. Tuliwaandikia wote mapema. Namba kumi na saba nilipita mara tatu. Saa nne na nusu nimeandika hapa "hayupo." Saa tano, "hayupo." Saa tano na nusu hayupo, ila kuna profesa mmoja mzee, kutoka India, amevuta kiti anamsubiri. Kashika kile kipande cha bati, hataki kukiachia. Akaniuliza, "Huyu aliyefikiria magadi ni nani?"

BI TUNU: Mie! Ni mie!

BI AULERIA: Alisubiri mpaka gari la uwanja wa ndege lilipomfuata. Akatoa kadi yake, akaandika nyuma kwamba maabara yake iko tayari kuwapimia sampuli na kuandika makala pamoja nanyi, mumwandikie mara moja. Akanikabidhi. Nikatoka nje kuwatafuta, nikamkuta kaka huyu kwenye ngazi, kaivua beji yake, anakunywa soda. Nikampa mkononi. Aliisoma yote, akaitia kwenye mfuko wa shati.



MZEE ADELARD: Kadi gani, Suhaib?