Sahihi ya Tarehe Kumi na Tisa Februari

Mchungaji, wazee, majirani na wageni wote mliofika hapa Kiptere leo Ijumaa, tarehe 20 Machi 2026, mimi ni Leah Chepyegon, mama mzazi wa marehemu. Aliyepangiwa kusoma wasifu huu ni baba yake mdogo, lakini juzi aliombwa auruke ukurasa wa tatu, akaja kuniuliza kama inawezekana, nikamwambia apumzishe macho yake, nitasoma mwenyewe, kurasa zote nne.

Marehemu Wesley Kipkurui alizaliwa tarehe 12 Mei 1993, hapa hapa nyumbani, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Alianza shule ya msingi Januari 2000, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2007, akaingia sekondari Februari 2008, na mwaka uliofuata, tarehe 3 Agosti, baba yake akafariki, hivyo kila Jumamosi alichuma chai nami ili karo ipatikane, akamaliza kidato cha nne Novemba 2011 bila kurudia darasa hata moja.

Mwaka 2012 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kericho, akahitimu stashahada ya ujenzi mwaka 2015, kisha akafanya kazi miaka minne katika kiwanda cha chai, upande wa boila, ambako alijifunza, kama alivyopenda kutuambia mezani hadi tukachoka, kwamba joto ni kama maziwa, ukiwa na chombo kinachovuja utakamua mchana kutwa na jioni huna kitu. Mwezi Machi 2020 aliajiriwa na kaunti kama mkaguzi wa majengo, na kanuni za taifa za matumizi bora ya nishati katika majengo mapya zilipofika ofisini kwao, yeye ndiye aliyetumwa kuzisomea.

Tarehe 7 Desemba 2019 alimwoa Phyllis Chepchirchir, binti wa Siongiroi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Faith Chepkirui aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 2020, na Ian Kiprotich aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2023, ambaye bado anauliza baba atashuka lini kutoka kwenye ile nyumba.

Sasa nafika ukurasa wa tatu.

Nyumba hiyo ni hosteli mpya ya wanafunzi, orofa tatu, iliyo kando ya barabara ya kwenda Sigowet, na mwenyewe ni Bwana Joel Kipyegon, ambaye ameketi mstari wa mbele, nami namshukuru kwa kuja, maana vinginevyo ningelazimika kumfuata. Marehemu aliikagua mara ya kwanza tarehe 18 Novemba 2025, akakataa kuipitisha, kwa sababu madirisha ya vyumbani ni vioo visivyofunguka, mtambo wa kupasha maji kwa jua uliokuwa kwenye ramani haukuwa juu ya paa, na hakuna aliyeweza kumwonyesha lile tabaka la sufi linalotakiwa kulazwa juu ya dari ili joto lisipotee. Bwana Kipyegon alimjibu mbele ya mafundi, "Wewe kijana, hapa Kericho baridi ni ya Mungu, waachie Nairobi karatasi zao," na mafundi wakacheka. Marehemu hakucheka, akasema kwamba mwanafunzi akisikia baridi hiyo ya Mungu ataingiza jiko la makaa chumbani, na chumba kisichopumua kitamlaza moja kwa moja. Maneno hayo aliyaandika kwenye ripoti yake, na siku hiyo jioni akanisomea mimi jikoni, nikimenya viazi, nikamwambia ana haki, lakini apunguze ukali. Ushauri huo naujutia.

Tarehe 20 Januari 2026 ofisi iliarifiwa kwamba kasoro zote zimerekebishwa. Jumanne, tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, marehemu alipanda juu ya dari kuitazama hiyo sufi kwa macho yake, akakanyaga ubao aliohakikishiwa kwamba umefungwa vizuri, nao haukuwa umefungwa na kitu chochote, akaanguka hadi kwenye sakafu ya saruji. Sufi haikuwepo. Kama ingekuwepo, pengine ingemwangusha polepole.

Alivunjika shingo, akapooza kuanzia mabegani kwenda chini, akalazwa siku thelathini na sita, akifanyiwa upasuaji mara mbili. Upasuaji wa pili ulikuwa Alhamisi, tarehe 19 Februari, na siku hiyo asubuhi daktari alileta fomu ya idhini, akitaka mgonjwa mwenyewe atie sahihi kwa sababu akili yake ilikuwa timamu, lakini mkono haukuweza kushika kalamu, wala kidole hakikuweza kubonyeza wino, hivyo nikatia sahihi mimi, yeye akinitazama. Fomu hiyo ninayo. Ninayo pia nakala ya cheti kinachosema kwamba hosteli ya Bwana Kipyegon imetimiza kanuni zote za nishati, madirisha, maji na paa, kimetiwa sahihi na Wesley Kipkurui, mkaguzi, tarehe 19 Februari 2026. Aliyekiandika alihitaji tarehe isiyopita siku thelathini tangu ofisi iarifiwe, akachagua ile, hakuniuliza mimi mama wa Wesley. Karatasi hizo mbili zimechapishwa bega kwa bega katika ukurasa mlio nao mikononi, na tangu jana nakala ziko kwa kamanda wa polisi, kwa mamlaka ya ujenzi kule Nairobi, na kwa mkuu wa chuo ambacho wanafunzi wake wanatarajiwa kuhamia pale Jumatatu.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 11 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Tunawashukuru madaktari wote, na nesi Syprose Ooko aliyemlisha kwa kijiko kama mtoto wake, majirani waliochuma chai yetu wiki tano bila kuombwa, na Bwana Otiende wa ofisini kwao, aliyeniletea nakala ya cheti na kuniambia nimtaje kwa jina. Tunamshukuru pia Bwana Kipyegon kwa mahema na viti, ambavyo hatukuomba, vilikuja juzi pamoja na ombi la kuuruka ukurasa wa tatu. Vijana, vikunjeni kabla ya giza, vyote virudi kwake.

Kuna mtu aliyeniuliza kama nitalaani. Mimi ni mama wa kanisa, na nimechoka, sitalaani mtu. Nawaomba tu karatasi hii msiitupe. Nazijua nyumba zetu, karatasi ya mazishi hukunjwa ikawekwa ndani ya Biblia, ikakaa humo mpaka wajukuu waikute. Basi iwekeni. Kila mtakapofungua kusali, mwanangu atakuwa humo, na Joel Kipyegon atakuwa kando yake, na tarehe zao.

Kipkurui, pumzika kwa amani. Jiko la makaa halitawashwa katika nyumba ile.