Kwato Kumi na Mbili za Mzee Dooronbek

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Mzee Dooronbek Saparaliev anaacha kazi ya kutunza farasi wa shule yetu ya Kyzyl-Döbö baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne. Ana umri wa miaka sabini na mmoja. Sote tunamwita Ata, kama mtu anavyomwita babu yake. Hata mwalimu mkuu humwita hivyo, asipokuwa na hasira.

Alikuja mwezi wa Oktoba akitoka shamba la ushirika, akiwa na nyundo, koleo, tupa na kulabu moja ya kuchokolea kwato. Kulabu ile bado anayo. Shule ilikuwa na farasi watatu wa kuvuta gari la theluji, na hadi majira haya ya baridi hawakuwahi kupungua wala kuzidi watatu. Ndio wanaovuka mto ulioganda kila asubuhi kuwaleta wanafunzi wa ng'ambo, ambako gari la magurudumu haliwezi kufika kuanzia Novemba hadi Machi. Mwaka huu wanafunzi hao ni kumi na mmoja.

Ata alitufundisha kwamba farasi wa majira ya baridi huanzia chini. Kila baada ya wiki sita aliwavua farasi viatu vya chuma, akapunguza kwato kwa tupa, akavirudisha kwa misumari yenye vichwa vikali ya kushika barafu. Baridi ilipozidi, misumari aliiweka kwapani ili isimng'ate vidole. Aliinua kila ukwato na kuunusa kama mtu anayenunua mkate. "Ukinuka, umeanza kuoza," alisema. "Ukisubiri farasi achechemee ndipo uangalie, wewe si mtunzaji, wewe ni mtazamaji."

Alikuwa na utani wake pia. Theluji ikigandamana chini ya kwato na kuwa madonge, farasi husimama juu juu na kuyumba. Ata alikuwa akisema, "Haya, bibi harusi wa mjini amevaa visigino!" Kisha aliyabandua madonge kwa kulabu na kupaka nyayo mafuta ya mkia wa kondoo, ili theluji isishike tena. Kopo la mafuta lilining'inia kwenye msumari mlangoni mwa zizi. Miaka ya karibuni, vidole vyake vilipoanza kukakamaa, alitugawia zamu ya kupaka, wiki moja kila mwanafunzi mkubwa. Viatu vyetu sisi alivikagua vilevile. Mwenye soli iliyofunguka aliitwa mbele ya wenzake: "Njoo hapa, punda wangu mdogo, nikupigilie."

Katika majira thelathini na manane ya baridi hakuna farasi aliyeanguka mtoni. Mwaka ambao barabara ilifungwa siku kumi na tisa, unga wa kijiji kizima ulikuja kwa farasi wa Ata.

Katika majira ya thelathini na tisa, farasi mmoja alianguka. Tarehe 22 Januari, Boz, farasi jike wa kijivu, aliteleza katikati ya mto na kuvunjika mguu wa mbele. Watoto walitoka salama. Daktari wa mifugo alikuja akatikisa kichwa, na Boz akachinjwa palepale kwenye barafu. Nyama iligawiwa nyumba kwa nyumba, kama ilivyo desturi. Ata hakuchukua sehemu yake.

Mwalimu mkuu alimwita mbele ya kamati. Ata alijibu maneno machache: "Mikono yangu imezeeka. Kukagua ni kazi yangu, na sikukagua." Basi ikaandikwa katika kitabu chake cha kazi, chini ya miaka yote hiyo, kwamba anaondoka kwa kushindwa kazi. Tangu hapo watu dukani wanasema mikono ya Dooronbek ndiyo iliyomuua Boz. Yeye hupita na mkate wake.

Mwalimu wetu Nurjamal alinichagua niandike wasifu huu kwa sababu insha zangu hazina makosa mengi. Kwa hiyo naomba msikilize na aya zinazofuata.

Wiki ile zamu ya mafuta ilikuwa yangu. Asubuhi ile mpishi wetu, Shangazi Kalbübü, alinikuta mlangoni mwa zizi. "Binti, nipe hilo kopo. Wageni wa wilaya wanakuja na sina mafuta ya kukaangia maandazi."

"Ni la kwato, shangazi."

"Kwato zitakufa kwa siku moja? Wageni ndio watakaokufa, kwa njaa!"

Nikacheka, nikampa. Ata alikuwa anafunga hatamu. Aliniuliza, "Umepaka?" Nikasema, "Nimepaka, Ata." Hakuangalia, kwa sababu aliniamini. Boz alitoka akiwa na kwato kavu, na alipofika mtoni alikuwa amevaa visigino. Maandazi yalikuwa matamu. Nilikula mawili kabla habari haijafika.

Siku tatu baadaye nilimwendea nikamwambia. Aliendelea kusafisha tupa yake. "Nilijua," alisema. "Niliporudi kutoka mtoni, kopo halikuwepo kwenye msumari. Wewe una miaka kumi na minne, mimi naondoka hata hivyo. Rudi darasani."

Nilirudi darasani. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Nilipompelekea Mwalimu Nurjamal karatasi hii, aliisoma mara mbili. "Itasomwa mbele ya kijiji kizima. Umefikiria?"

"Nimefikiria, mwalimu."

"Na mama yako?"

"Atasikia na wengine."

Hakufuta neno.

Sijui nini kitatokea. Hajapatikana mtu wa kushika kazi hii. Vijana wanaojua nyundo wamekwenda kujenga nyumba Urusi. Viatu vya farasi wawili waliobaki vitafika mwisho wa Machi, barafu ikianza kuyeyuka, lakini Novemba itakuja, na watoto kumi na mmoja watasimama ng'ambo wakitutazama. Kamati imeanza kusema farasi wauzwe.

Nina ombi moja tu kwa mwalimu mkuu. Kitabu cha kazi bado kiko mezani kwako. Tafadhali ufute mstari ule wa mwisho. Ukilazimika kuandika jina la aliyeshindwa kazi, langu ni Aychürök Jekshenova, darasa la nane.

Ata, shule inakushukuru kwa kila asubuhi uliyoamka kabla yetu. Tunakuombea mapumziko yenye moto wa kutosha, chai nzito na vidole visivyouma. Na ukikubali kuja siku moja kuketi zizini na kunielekeza jinsi ya kushika tupa, nitakuwepo. Ukikataa, nitaelewa.

Kopo liko kwenye msumari wake, limejaa. Leo asubuhi nilipaka kwato zote, nikainua kila mmoja na kuunusa. Nilizihesabu mara mbili. Zilikuwa nane.