Bi Muhtasari na Kikao cha Chumba Namba Kumi na Nne

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, karani wa Kamati ya Makazi ya Wanafunzi anakabidhi kalamu. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Ameomba pia kuupitia wasifu huu kabla haujachapishwa. Tumemjibu kwamba ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Wanaomjua kwa jina la kwenye hati ya mshahara ni wachache. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo, humwita Bi Muhtasari, ingawa hajawahi kuandika muhtasari mfupi hata mmoja. Mjumbe akisinzia, aliandika saa aliyosinzia na saa aliyozinduka. Mhasibu mmoja aliacha kabisa kuja kikaoni na karanga baada ya kusoma kwamba "mjumbe alichangia hoja ya usafi huku akitafuna."

Aliajiriwa akiwa binti mbichi, kwa miezi mitatu tu, amshikie nafasi aliyekwenda likizo ya uzazi. Aliyekwenda hakurudi, naye hakuondoka.

Kanuni za kamati wakati huo zilisema wawakilishi wa wanafunzi wataalikwa kwenye vikao vya kodi ya vyumba "inapobidi." Kwa miaka kumi na tisa haikubidi. Kodi ilipanda mara tano, na mara zote mwenyekiti alifunga kwa maneno yaleyale: "Andika, wanafunzi wameafiki." Ilipofika mara ya sita, Bi Muhtasari aliweka kalamu mezani.

"Ameafiki mwanafunzi yupi, mwenyekiti? Nahitaji jina."

"Wewe andika tu, mama."

"Nikiandika tu, baba, itakuwa hadithi."

Kikao kikaahirishwa wiki moja, hasira zipoe. Kumbe mwenzao hakuwa na hasira, alikuwa na mpango. Kutafuta ukumbi ilikuwa kazi yake. Siku ilipofika, wajumbe walikuta karatasi mlangoni: ukumbi unapigwa rangi, kikao ni bweni la tatu, ghorofa ya nne, chumba namba kumi na nne. Na kweli ulikuwa unapigwa rangi. Fundi wa rangi aliitwa asubuhi ileile, akapewa ukuta mmoja na maelekezo ya kutoharakisha.

Wajumbe walipanda ngazi wakihema. Chumba cha watu wanne kilikuwa na vitanda vya watu sita. Mwenyekiti, mtu wa miraba minne, alikalishwa kitanda cha chini, na kila alipoinuka kusema jambo, kitanda cha juu kilimrudisha alikotoka. Alipoomba maji ya kunywa, alionyeshwa ndoo na kuelekezwa bomba liliko, chini uwanjani. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale sita. Hatukualikwa kikaoni, kikao ndicho kilichotukuta nyumbani.

Mwaka ule kodi haikupanda. Muhula uliofuata neno "inapobidi" lilifutwa, wanafunzi wakapata viti viwili vyenye kura, na kimoja nikakikalia mimi.

Haukupita muda uongozi ukaleta hoja: kodi ipande kidogo, ili ifungwe pampu ya kupandisha maji ghorofani. Bi Muhtasari alinitazama kwa jicho la mama mkwe. Mimi nilikuwa nimeshapita chumba kwa chumba kuuliza, na wabeba ndoo walikuwa wamesema maji kwanza. Nikanyoosha mkono kuunga mkono hoja. Kalamu yake ikasimama.

Hakuitika salamu yangu wiki nzima. Kisha akaniita ofisini.

"Nilipigania mpate kura," alisema. "Sikujua mtaipiga nisivyopenda mimi." Akacheka mpaka akafuta machozi, akanivutia kiti. "Ila umekosea, mwanangu. Hukuuliza pampu itafungwa lini. Ahadi isiyo na tarehe ni salamu tu."

Kikao kilichofuata niliuliza. Tarehe ikaandikwa, na ilipofika maji yakapanda ghorofa ya nne. Nilipohitimu, niliomba kazi ofisi ya jirani na yake, na tangu hapo nimemwona akiwafundisha wawakilishi wa kila mwaka kusoma makabrasha, kuomba nafasi ya kusema, na kukataa bila kupiga meza.

Sasa anahamia kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, fundi cherehani, kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Anasema hataki tena kuandika neno. Anataka kukaa barazani asikilize watu wakiongea, bila kulazimika kukumbuka walichosema.

Asante, mama, kwa kutufungulia mlango na kutuachia tuseme yetu. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa mchana na majirani wema. Na siku ukisahau tulichosema, hatutadai masahihisho.