Aliyerudi na Aliyebaki Ndani

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Bagara, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Baba Paroko pamoja na Wachungaji, mliokubali kukaa benchi moja katika ukumbi ambao kila mmoja wenu ameshawahi kuusema vibaya siku ya Jumapili, Mzee wetu Paskali na mkewe Mama Brayan, tunaowaaga leo, wazazi wangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi watazamaji wenzangu, mliokuwa mnaingia mlangoni na mliokuwa mnachungulia dirishani: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za mchana.

Kamati imeniomba niseme machache kwa niaba ya vijana tuliokulia humu. Mwalimu Aniceti, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, aliniambia, "Rogathe, wewe umesoma. Sema mambo mazuri, sema kwa kifupi, halafu watu wale." Hayo mawili ya mwanzo nitayajaribu, ingawa sina uhakika nayo. Kuhusu kula, nitafika huko.

Wengi wenu mnajua kwamba ukumbi huu wa filamu unageuzwa ghala la mbegu na mbolea, na kwamba Mzee Paskali anahamia Kiteto kwa binti yake. Kwa wageni wetu, naomba nieleze kazi aliyokuwa anaifanya hapa. Alikaa pale kwenye kona, kwenye kile kiti chenye mto, mbele yake televisheni ndogo ya kwake peke yake, mkononi maiki. Filamu zilikuja katika lugha za watu wengine, zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Yeye aliyasoma kwenye televisheni yake, akatuambia kwa Kiswahili, akiwa polisi, akiwa bibi kizee, akiwa nyoka. Kila alipozungumza aliipunguza sauti ya filamu, na ilipofika zamu ya muziki au bunduki aliipandisha. Na kwenye kitambaa kikubwa tulichokuwa tunatazama sisi, sehemu ya chini alikuwa ameifunika kwa kipande cha nguo nyeusi ili maandishi yasionekane. Tulipomuuliza sababu alisema, "Mkisoma wenyewe, mimi nitafanya kazi gani?"

Je, kuna mtu humu ambaye hakujifunza kuogopa kwa sauti ya Paskali? Nyumba yoyote yenye mizimu, hata kama imejengwa kwenye theluji, kwake ilikuwa Bonga, juu kidogo ya barabara ya Dodoma. Gari likiharibika porini, liliharibikia Mutuka. Na shetani wake, Mheshimiwa Diwani utanisamehe, siku zote alizungumza kwa upole kama mtu aliyekuja kuomba kura. Tuliogopa zaidi kwa sababu tuliyafahamu mazingira, na tulipotoka nje bado tulikuwa tumo ndani ya filamu.

Sasa naomba niwarudishe kwenye filamu moja. Mkiniona natafuta maneno, mjue ni kwa sababu nimelala na kuamka na jambo hili tangu nikiwa darasa la sita, na leo nina shahada na bado silielewi.

Ni ile ya dada wawili. Mzee Paskali aliwapa majina: mkubwa akamwita Naishiye, mdogo akamwita Irine. Mama yao ameugua, Irine anamuuguza, Naishiye yuko mbali. Mama anafariki. Tangu hapo ndani ya nyumba mambo hayaeleweki, vyombo vinahama, taa zinazimika, na tunaanza kuhisi kwamba mmoja wa dada hawa naye si wa dunia hii, lakini filamu haisemi ni yupi. Mwishoni Naishiye anashuka kwenye basi, hapo Bonga bila shaka, anafika nyumbani na begi lake, anampita mbwa aliyelala uani, anasimama mlangoni. Irine amekaa mezani amempa mgongo, mbele yake kikombe cha chai. Hageuki. Kisha picha inawaacha wote wawili na kubaki kwenye ubao wa mlango, muda mrefu, mlango mtupu. Na Paskali, ambaye hajawahi kunyamaza tangu tumjue, akanyamaza. Ukumbi mzima kimya, hata filamu yenyewe kimya. Mlango ukajifunga. Ikaisha.

Mnakumbuka jinsi tulivyotoka siku ile? Ilikuwa Jumapili alasiri, mvua imepiga, tumesimama hapo nje kwenye tope, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mzee Kiseyian, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Simanjiro, ndiye aliyeanza. "Mbwa hakubweka," alisema. "Mbwa akiona kitu kisicho cha kawaida anabweka. Aliyerudi ni mzima. Tatizo liko ndani."

Dada Kandida wa maandazi akamjibu, "Chai ilikuwa inatoa mvuke. Marehemu gani anachemsha chai?"

"Uliona akiinywa?"

"Na wewe, mbwa wa watu ulimwona akifanya kazi tangu filamu ianze? Alikuwa amelala tu. Mbwa wa vile hata mimi nampita."

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa makundi mawili ambayo mji huu unayo hadi leo: Watu wa Ndani, wanaosema Irine ndiye aliyekufa, na Watu wa Mlangoni, wanaosema amekufa Naishiye. Nimesikia hoja hizo sokoni, nimezisikia msibani, na mwinjilisti mmoja aliwahi kuhubiri kuhusu kile kimya. Filamu ilirudiwa kwa maombi ya watu mara nyingi, na kila mara, pale mlangoni, Paskali alinyamaza. Tukimuuliza, anacheka. "Ninyi mmeona nini?"

Ndugu zangu, siku ile kulikuwa na hoja mbili nyingine, na hizo ndizo zilizonileta hapa mbele. Jana mama yangu alinikataza kuzisema. Alisema mambo ya nyumbani hayasemwi kwenye maiki. Namheshimu mama yangu. Lakini jambo hili lilivunjikia hapo nje mbele yenu, na baadhi yenu mlipiga makofi.

Mama yangu alikuwa Kiteto akilima alizeti wakati Bibi alipougua. Mimi nilikuwa Mutuka kwa Bibi, nikilelewa na mdogo wake mama, Mama Mdogo Skolastika. Yeye ndiye aliyemwosha Bibi, aliyemgeuza kitandani, aliyemzika. Mama alifika maziko yamekwisha. Mama anasema habari zilimfikia zimechelewa. Mama Mdogo anasema habari ziliondoka mapema. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na wote wawili ninawaamini, jambo ambalo najua haliwezekani.

Hata hivyo walikuwa wanaongea. Si sana, lakini walikuwa wanaombana chumvi, na Jumapili ile walikuja kwenye filamu pamoja, mimi nikiwa katikati yao. Tulipotoka nje, mama alisema, kama mtu anayechangia tu, "Amekufa yule wa ndani. Ndiyo maana haoni mtu hata akisimama mlangoni na begi."

Mama Mdogo hakumtazama. Alisema, "Amekufa aliyerudi. Angekuwa hai angerudi mapema."

Mtu nyuma yetu akasema, "Hapo amepigilia msumari." Na makofi.

Tangu siku hiyo hawajasemeshana. Nyumba zao zinatenganishwa na mahindi ya jirani. Nilipofaulu kwenda sekondari nilifanyiwa sherehe mbili. Nilipopata shahada, pia mbili. Hata sasa mmoja amekaa upande wangu wa kulia karibu na dirisha, mwingine kushoto karibu na spika, na kati yao wamekaa viongozi wa dini wote wa kata hii.

Nilipokuwa chuoni Dodoma niliitafuta filamu ile. Niliipata, nikaitazama kwenye kompyuta, peke yangu, mchana, chumba kikiwa na mwanga. Nilitaka jibu nililete nyumbani. Nilifika pale mlangoni, nikajiandaa kwa kile kimya ninachokijua. Na kimya hakikuja. Pale mlangoni kuna watu wanazungumza.

Naomba mnielewe, kwa sababu mimi mwenyewe nilirudisha nyuma nikidhani nimekosea. Sauti ya mwanamke inauliza neno moja. Sauti ya mwanamke mwingine inajibu neno moja. Tumeujenga mji wa mabishano juu ya kimya ambacho hakikuwepo. Paskali alikuwa ameipunguza sauti ya filamu ili azungumze, halafu hakuzungumza, na hakuipandisha. Sisi tukaamini kwamba filamu ndiyo iliyonyamaza. Nani angejua? Maandishi yalikuwa chini ya ile nguo nyeusi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, Rogathe. Umekuja kunisomesha?" Nikamwambia, "Mzee, pale mlangoni walikuwa wanaongea."

Alimtazama mkewe. Mama Brayan alikuwa anamenya viazi, akacheka hadi kisu kikamwanguka. "Nilikwambia, Baba Brayan. Nilikwambia kuna siku mtoto wa mtu atakwenda shule."

"Mwanangu," Mzee akasema, "ukumbi mzima umeshika roho mkononi. Kuna mama amepanda juu ya benchi. Mimi nasoma maandishi, naona mmoja anauliza, 'Umekula?' Mwingine anajibu, 'Bado.' Basi. Ungekuwa wewe ungesema hayo kwenye maiki? Wangecheka. Wangesema Paskali amechoka. Nikatafuta maneno ya kutisha, hayakuja upesi, mlango ukafungwa."

"Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine mlikuwa mnakuja kwa ajili ya kimya."

Nikamuuliza swali nililosafiri nalo kutoka Dodoma. "Ni nani aliyeuliza, na ni nani aliyejibu?"

"Hapo hata mimi sijui. Sauti zao ni moja, ni ndugu. Nilidhani wewe utaniambia."

Ndugu zangu, siwezi kumwambia, wala siwezi kuwaambia ninyi. Maandishi hayasemi nani amesema. Picha inaonyesha mlango. Nimejaribu kudhani ni Irine aliyeuliza, akiwa amempa dada yake mgongo, maana mgeni akifika, mwenye nyumba ndiye anayeuliza. Nimejaribu kudhani ni Naishiye, maana aliyetoka safari akikuta chai mezani na hakuna sahani, anajua ndani ya nyumba hii mtu ameacha kula. Kila nikikaa upande mmoja, upande wa pili unaniita. Watu wa Ndani, mna hoja. Watu wa Mlangoni, mna hoja. Mzee Kiseyian, mbwa nimemtazama tena, na ni kweli, alikuwa amelala tu.

Kuna kitu kimoja tu nilichobaki nacho. Makundi yote mawili, na mama zangu wote wawili, mlikubaliana katika jambo moja bila kujua: kwamba mmoja hamwoni mwenzake. Lakini yule aliyeuliza alimwona mwenzake. Yule aliyejibu alimsikia. Nani amekufa? Sijui. Ila walikuwa wanaonana.

Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa kabisa, maana mimi nilikuwepo siku mama aliporudi kutoka Kiteto. Nilikuwa mtoto, nimesimama kati ya jiko na sebule. Namwona mama mlangoni, na vumbi kwenye viatu. Namwona Mama Mdogo amekaa, anachambua maharage kwenye ungo, kichwa chini. Picha ninayo yote, hata ule ungo ninao. Sauti sina. Miaka yote nimeamini kwamba hawakusema kitu. Sasa sina hakika. Je, walisema, nami nikasahau? Je, kuna mtu aliuliza neno dogo, la kawaida mno, mtoto hakuona sababu ya kulihifadhi? Mama, ulisema kitu? Mama Mdogo, ulijibu? Sitaki mnijibu mimi.

Mzee Paskali, ulitupa sauti za watu wa dunia nzima, ukazikalisha Bagara zikawa jirani zetu. Mama Brayan, ulimvumilia akifanya mazoezi ya kuwa jini huku ukisonga ugali. Siwalaumu kwa kile kimya. Tulikipenda wenyewe. Kila mmoja wetu aliweka ndani yake kitu alichokuwa hawezi kukisema kwa mdomo wake. Nendeni salama Kiteto, na mkifungua ukumbi huko, nguo nyeusi muiache hapa.

Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, namalizia. Pilau la Dada Kandida liko tayari nyuma ya ukumbi, nasikia harufu kama mnavyoisikia ninyi. Nimeuliza, nikaambiwa mama yangu na Mama Mdogo wote wamefunga safari ya kuja hapa tangu asubuhi bila kuweka kitu tumboni, kila mmoja kwa sababu zake. Nikishuka hapa nitapakua sahani moja kubwa. Baba Paroko na Wachungaji, nawaomba kwa unyenyekevu mlihame hilo benchi la katikati, maana sahani nitaiweka hapo, na vijiko viwili.

Sitasema nani aulize na nani ajibu. Maiki nitaizima.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi hapa, asanteni sana.