Mukono ya Kakule na Viza ya Uingereza

Yesu apewe sifa, bandugu na badada! Apewe sifa hata kama leo sauti yangu iko chini.

Miye ni Katungu. Munaniona hapa Kimemi, Butembo, nikiimba mu chorale, mais miye ni mutoto wa Beni, commune ya Ruwenzori. Bwana yangu anaitwa Kakule. Alitoroka inchi hii angali kijana, juu ya vita, akafika Uingereza, bakamupatia makaratasi ya kukaa. Kisha miaka mingi akarudi kwabo, huku Butembo, kunioa. Tulioana mu kanisa, tukakula, tukacheza. Halafu akarudi ku kazi yake. Aliniambia: "Katungu, hautakawia huku. Nitakuita."

Ndugu zangu, kule Uingereza haitoshi mutu kupenda bibi yake! Serkali inasema: mwenye kuita bibi aonyeshe mushahara yenye kufika kipimo yenye bo balipanga. Ikipunguka kidogo tu, mulango inafungwa. Kakule alikuwa anaosha masahani mu restaurant. Tulituma dosie ya kuomba viza, na picha ya ndoa, na makaratasi ya banki. Balikatala. Habakusema ndoa yetu ni ya uongo, hapana! Balisema tu mushahara ni mudogo.

Miye nilikuwa nabaki Beni na mama yangu. Munajua ile miaka. Batu banaenda mu shamba asubuyi, mangaribi banaleta maiti. Mama alikuwa na shamba ya kakao. Nilimwambia: "Mama, tuache ile kakao."

Akanijibu: "Na pesa ya kutuma dosie tena itatoka wapi, mwanangu? Bwana yako eko anateseka peke yake."

Akaenda. Batu ya silaha balimukuta kule na mapanga. Tulimuzika na majirani haraka haraka, juu masasi ilikuwa inalia upande ingine ya quartier, mutaa yetu.

Donc nikatoroka, nikakuja huku Butembo kwa tantine yangu, mama mudogo. Nilikuwa naimba na ninyi, mais ndani nilikuwa kama nyumba yenye benyewe balihama. Niliomba kitu kimoja tu: Mungu, ongeza mushahara ya Kakule! Nilifunga. Baba pasta alifunga na miye.

Kakule akapata kazi ya pili, mu kiwanda ya nyama. Tukasema Mungu amejibu! Halafu simu yake ikanyamaza. Tantine akaniambia: "Banaume ya Ulaya njo beko vile. Amepata mwingine." Ndugu zangu, nilianza kumuamini.

Siku moja Kakule akaniita ku simu. Sauti ilikuwa ya mutu mwenye kutoka mu ugonjwa. "Katungu, kuna mama moja wa hapa mwenye kusaidia bageni mambo ya makaratasi. Anasema tutume dosie tena. Ile kipimo ya mushahara haituangalie tena."

"Juu ya nini? Balikuongeza?"

Akanijibu hapana. Kisha akasema: "Mashine ya kiwanda ilikamata mukono yangu ya kuume. Ku hospitali baliikata. Sasa serkali inanipa musaada ya bilema. Mwenye kupata ile musaada, habamuombe tena ule mushahara. Anaonyesha tu kama nyumba iko, na chakula itatutosha."

Nilikaa chini mu kiwanja, nikalia. Akaniambia: "Usilie. Mukono imeenda. Mais weye unakuja."

Ndugu zangu, viza ilitoka! Niliomba mulango ifunguke. Sikuomba ifunguke vile. Baba pasta aliniambia nije kushuhudia na furaha. Munisamehe, baba. Leo niko na shukrani; furaha ingali nyuma, inakuja pole pole. Mais nasema kweli mbele yenu: Mungu hakuniacha. Angeniacha, ningelala mu lile shamba na mama. Na Kakule angali na pumuzi. Mama angesema na Kinande chetu: Wasingya, Nyamuhanga! Asante, Mungu! Na miye nasema vile.

Ijumaa nitapita mupaka ya Kasindi, niingie Uganda, nipande ndege, niende. Nitafika kule nimufungie Kakule vifungo ya shati, nimukatie nyama mu sahani, mpaka azoee ya kushoto.

Na weye mwenye ungali unangoja, mwenye unaomba na hakuna kitu inarudi, usiache. Njoo hapa mbele ulie na sisi. Mungu wetu haogopi machozi. Mumuitikie: Amina!