Atime Saye na Sifa za Watu wa Tembeli

Wazee wetu, ndugu zetu wa Saye na wa Tembeli, nanyi mliopanda jabali kuja kutushika mkono, mimi Akunyo Saye, mtoto wa kaka wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yangu mdogo, na nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo shangazi zangu walitaka niyaruke.

Marehemu Atime Saye alizaliwa hapa Ogodumo wakati wa kuvuna uwele, cheti chake kinasema tarehe 1 Januari 1944 kwa sababu karani aliwaandika watoto wote wa mwaka ule siku moja, akasoma Bandiagara kuanzia Oktoba 1952 hadi Juni 1955, akarudi kulima vitunguu, na tarehe 20 Mei 1966 akamwoa Yasama Karambe, wakajaliwa watoto watano, na wanne kati yao wako hapa mbele yenu.

Lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ilikuwa kuita tige, zile sifa ambazo kila ukoo umeachiwa na babu zake, shambani aliwaita wakulima waliochoka na migongo ikainama tena, na msibani alimwita marehemu ili aondoke akijua yeye ni wa nani. Tarehe 8 Agosti 1973, baada ya kuwasifu wakwe zake siku tatu mfululizo katika mashamba yao, aliitwa kumzika mzee Ogoye Tembeli, na mwili ukiwa nusu ya njia kwenye kamba, ukivutwa juu ya jabali kuelekea pango la maziko, kinywa chake kikamwita marehemu kwa sifa za Karambe, zile za wakwe zake. Mwana wa marehemu, mzee Anakila tuliye naye hapa, akanyoosha mkono.

"Shusheni kamba. Huyo anayeitwa si baba yangu."

Mwili ulishushwa, akaitwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hakuna Tembeli aliyemsalimu tena baba mdogo kwa sifa za Saye, walimwita "Atime" tu, kavukavu, na aliumia sana. Hakununa. Kila baada ya mavuno alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, jabalini na bondeni, akiwauliza Tembeli waliohama sifa za babu zao, kisha akaenda kuzisema mlangoni kwa Anakila. Mwaka wa kwanza Anakila alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemruka babu mmoja. Kamtafute." Mwaka wa pili akasema, "Huyo wa tano umempa sifa za kaka yake. Halafu unanuka vitunguu, hebu sogea huko." Mama mdogo Yasama alipomwambia, "Baba watoto, utaimaliza hiyo miguu," alijibu, "Miguu ni yangu, na kosa ni langu."

Tarehe 3 Desemba 1980 alizisema sifa za vizazi vyote kumi na viwili bila kukosea, Anakila akamwitikia kwa sifa zetu, "Asante, Saye, jiwe lililokataa kubingirika," na baba mdogo akalia pale kizingitini, nilikuwepo. Siku hiyohiyo Anakila alimwomba, mbele ya mashahidi, aje amwite yeye, Anakila, siku atakapokufa.

Kuanzia Novemba 2010 marehemu alisumbuliwa na kifua, akalazwa mara mbili, akarudi nyumbani, na akafariki asubuhi ya Jumatano tarehe 9 Februari 2011, mkewe akiwa kando yake. Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wakulima wenzake waliomwagilia vitunguu vyake bila kuombwa.

Mzee Anakila, jana ulisimama mbele ya mkeka wake ukamfokea, "Wewe Atime, tulikubaliana nitangulie mimi. Sasa mimi ataniita nani?" Hatukukujibu, kwa sababu tulikuwa tunalia. Nakujibu leo, watu wote wakisikia. Baba mdogo alinifundisha babu zako mmoja mmoja kwa miaka tisa, na siku yako ikifika nitakuita mimi. Mpaka hapo, kila baada ya mavuno utaniona mlangoni kwako, na nikikosea nirudishe.

Baba mdogo Atime, nenda ukapumzike, kazi tumeipokea.