Goti Lililokuwa Likisikilizwa

Mgeni rasmi, pamoja nanyi nyote mlioketi nasi katika karakana hii ya viungo bandia,

Tunaanza kwa kukiri kwamba sisi, tuliofanya kazi bega kwa bega na mhandisi wetu, hatukutambua kuwa alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia.

MAKARIBISHO
Karibu. Usishangae kuona sakafu ya saruji tupu. Mhandisi mwenyewe alikataa mazulia, ili hatua isikike.

TULIKOTOKA
Mteja wake wa kwanza, mama mkulima wa mboga, alimrudishia mguu. "Mwanangu, huu ni wa kusimamia tu. Nipalilie nimesimama kama mlingoti?" Hapo ndipo alipobuni goti linalokunjika hadi mtu achuchumae. Tangu hapo, kila mguu ulitembezwa kwanza juu ya sakafu hii, naye amefumba macho, akituuliza sisi mafundi wake.

"Linasemaje hilo goti, wanangu?"

"Linanung'unika, Mzee."

"Basi lirudi mezani. Goti linalonung'unika litamsengenya mwenyewe sokoni!"

Tulicheka. Tulidhani anatutahini.

MAFANIKIO
Watu walichuchumaa, wakapalilia, wakafua, wakainuka bila kushikwa mkono. Hatuna jingine la kujivunia.

CHANGAMOTO
Mashine ya kusagia vyuma ilikuwa ikimla masikio miaka yote hiyo. Nasi, kazi ilipozidi, tulizoea kumjibu, "Iko sawa, Mzee," tuwahi nyumbani. Goti jipya la mama yuleyule lilinung'unika. Tukasema liko sawa. Lilikatika alipokuwa akiinuka na mzigo, akavunjika nyonga. Hapalilii tena.

Mhandisi alibeba lawama peke yake, na goti lake likapigwa marufuku. Mkewe ndiye aliyetuambia, "Nyie ndio mliokuwa masikio yake. Kumbe hamkujua?"

MAOMBI
Mgeni rasmi, umekuja kuzindua bohari ya miguu iliyoletwa katika maboksi. Magoti ya miguu hiyo hayachuchumai. Haturingii kazi tuliyoiharibu wenyewe. Tunaomba lawama ihamishwe kutoka kwake ije kwetu, na goti lake liruhusiwe, hata kwa mikono ya wengine. Yule pale mstari wa mbele, anayekutabasamia, ndiye yeye. Hajasikia hata neno moja tulilosoma.

Mwenyezi Mungu akulinde, akujalie wasaidizi wanaokuambia kweli.

Ni sisi, tuliokuwa mafundi wa karakana hii. Kuanzia leo ni bohari.